Mama Mashuka na Kitabu cha Vipande Viwili

Ukimwita Mama Mashuka hakasiriki. Jina hilo kalipata kihalali, kwenye chumba cha ushonaji cha hospitali, alikoingia msichana na kutoka na miwani. Kazi yake ilikuwa kuokoa mashuka. Shuka likichakaa katikati halitupwi. Unalichana pale pale lilipochoka, unazileta ndani zile kingo ambazo bado zina nguvu, unaziunga, na uchakavu unabaki pembeni ambako hakuna anayelala. Wauguzi wapya walidhani ni uchawi. Yeye aliwaambia ni ubahili tu.

Sasa amestaafu, mgongo haumpi raha, na anaishi na mwanawe wa pekee, fundi wa friji, pamoja na mkewe, msusi mwenye maneno mengi na roho nzuri. Huyo mkwe ndiye aliyeleta kitabu, kinene kama tofali. Kaazimwa na mteja saluni kwa sharti kwamba kirudi kama kilivyotoka.

Ilikuwa riwaya ya vita na siri za familia. Sura moja iko zamani, muuguzi kijana anakimbia mabomu akiwa amebeba mtoto mchanga asiye wake. Sura ya pili iko leo, yule mtoto keshakuwa mtu mzima na anapekuapekua nyumba ya mama yake. Halafu vita tena, halafu leo tena. Mkwe alikuwa akisoma kwa sauti baada ya kazi, na kila mabomu yakikolea, sura inaisha, wanajikuta jikoni kwa mtu anayechemsha kahawa. Mama Mashuka alinung'unika kwamba hiki kitabu gani, ukikaa tu kinakuinua.

Basi asubuhi moja, mkwe yuko saluni, bibi huyu akachukua wembe. Jamani, mtu aliyechana mashuka maisha yake yote utamwambia nini? Akafumua mgongo wa kitabu, akatenga sura za zamani na za leo, bahati nzuri kila sura ilianza na karatasi yake, akashona vitabu viwili. Cha vita chake, cha leo cha mkwe, na hakuna wa kumsubiri mwenzake. Alifurahi sana na kazi yake.

Mkwe aliporudi alikaa chini kwanza. "Mama, kitabu cha watu!" Akacheka mpaka machozi, halafu akamkumbuka mwenye kitabu, kicheko kikakata. Mama Mashuka akamtuliza kwamba atakirudisha kama kilivyokuwa, hata mwenyewe hatajua. Ila kwanza wamalize kusoma, maana maji yakishamwagika hayazoleki.

Tuseme kweli, haraka ya kusoma haikuwa sababu pekee ya ule wembe. Ile nusu ya leo hakutaka kuishika mkononi. Kuna jambo ambalo yeye peke yake alilijua: fundi wa friji hakutoka tumboni mwake.

Vita vilipowafikia, yeye akiwa bado msichana, watu walijaa hospitalini hadi kwenye korido. Mwanamke mmoja asiyemjua alisimama mlangoni pa chumba cha ushonaji, akampa mtoto mchanga, akaenda bombani kutafuta maji. Bomu likaanguka huko huko. Msichana akamfunga mtoto kwenye shuka alilokuwa akilishona, akakimbia na umati. Vita vilipokwisha alirudi kazini, wenzake wa zamani hakuwakuta, na wajane wenye watoto walikuwa wengi, hakuna aliyemuuliza kitu. Mtoto alipokua na kuuliza, alimtungia baba, dereva wa lori, mrefu, mpenda kupiga mluzi, aliyefia njiani. Mpaka leo fundi hupiga mluzi akifungua friji za watu, na huwaambia kwamba huo ni urithi wa mzee. Majirani wakisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, Mama Mashuka huitikia upesi na kubadilisha mazungumzo.

Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba mwanawe akijua, neno "mama" litamkwama kooni. Ndiyo maana nusu ya vita aliimaliza haraka, muuguzi akaapa kunyamaza na mtoto akapewa jina, naye akabaki akiitazama ile nusu nyingine juu ya kabati. Ilimnyima raha siku kadhaa.

Hatimaye akauliza siku aliyokuwa akisukwa, kakaa kigodani, kampa mkwe mgongo.

"Yule binti wa kwenye kitabu chako," alisema, "alipojua, alimfanya nini mama yake?"

Mikono kichwani ikasimama. "Hakumfanya kitu, mama. Mama yake alikuwa keshakufa." Kidole kikaendelea kugawa nywele. "Hakumchukia kwa kumlea. Alimchukia kwa kumwachia maswali. Sura nzima anaongea na kaburi. Nililia mimi."

Mkwe si mjinga, hakuuliza. Alimaliza kusuka taratibu, akasema tu kwamba Jumapili atashinda saluni.

Jumapili hiyo bibi akamwita mwanawe amsaidie kurudisha kitabu. Karatasi zote alikuwa amezipanga, sura ya zamani ikifuatwa na ya leo. Akamwambia azibane kwa mikono miwili na asiachie, zikiteleza wataanza upya. Akapitisha sindano mara ya kwanza, akaivuta, kisha akamweleza yote, bomba, shuka na dereva aliyemtunga. Hakuinua macho.

Mluzi aliokuwa akiupiga ulikuwa umekatika zamani. Lakini karatasi hazikuachiwa.

"Ndiyo maana umenishikisha kitabu," alisema fundi.

"Ndiyo. Ungekuwa na mikono huru ungeondoka."

"Sasa huu mluzi nimeutoa wapi?"

"Sijui, baba. Huo ni wako mwenyewe."

Mama Mashuka alipitisha sindano mara ya pili. Kisha akamsikia akiuliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameisikia tangu akiwa mtoto, mama yake alikuwaje.

"Mwembamba, ana mwanya. Alikubusu sana kabla ya kukutoa mikononi. Akaniambia, 'Dada, nishikie kidogo, narudi sasa hivi.'" Sindano ikasimama. "Nikakushika. Watu walisema bomu halikumbakiza mtu pale, lakini maiti yake sikuiona. Miaka yote nilimtazamia kila mlango ulipobishwa, na kila ulipobishwa niliomba asiwe yeye. Mungu anisamehe, niliomba asirudi."

Machozi ya fundi yalidondoka juu ya jalada la kitabu cha watu. Hakuweza kuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

"Nina hasira na wewe," alisema.

"Najua."

"Hasira kweli kweli."

"Najua, baba."

Akavuta pumzi, akazibana karatasi vizuri zaidi, kingo zikalingana.

"Shona basi, mama. Mikono inachoka."