Fundi Baridi na Koki ya Matangi Mawili

Jumatatu ya mtihani Fundi Baridi alivaa soksi zisizofanana, akagundua akiwa tayari kwenye uwanja wa ndege, na moyo ukamlipuka kana kwamba ndege yenyewe imekutwa na kasoro. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Siku za kazi alitengeneza friji za mabucha na vyumba vya baridi vya maduka ya dawa. Jumapili asubuhi, kwa miaka kumi na mmoja, alirusha ndege ya viti viwili ya klabu ya marubani, nyepesi kiasi kwamba watu wawili waliweza kuisukuma kwa mikono hadi bandani.

Leseni yake ilikuwa ile ndogo, ya ndege nyepesi tu. Ilimtosha mpaka klabu ilipoiuza ndege hiyo na kuleta nyingine ya viti vinne, nzito zaidi ya mara mbili. Kuirusha hii kulitaka leseni kamili ya rubani binafsi. Saa zake za zamani angani zilikubaliwa kwa sehemu, zilizopungua akaziruka na mwalimu, na mitihani tisa ya maandishi akaifaulu yote. Ila majibu ya mitihani hiyo yalikuwa na muda wake, na muda ulikuwa unakwisha Ijumaa. Kilichobaki ni kuruka na mtahini. Ijumaa ikipita bila kufaulu, angeanza upya masomo yote tisa, na yeye alijijua: asingeanza. Jumapili zake zingeishia hapo.

Nyumbani, kabla hajatoka, alikuwa amekoroga chai dakika nzima bila kuinywa.

"Baba Mapacha," mkewe alimwambia, "hiyo chai inanywewa, haikaguliwi."

"Naipoza."

"Imepoa zamani. Mtu anaponya friji za watu, mwenyewe anaganda mezani!"

Uwanjani alipokelewa na fundi wa ndege, mtani wake wa siku nyingi, aliyekuwa akijifuta grisi kwa kitambaa.

"He! Fundi Baridi anatoka jasho? Leo gesi imevuja!"

"Niache, bwana. Koki ya mafuta iko sawa?"

"Koki iko sawa. Wewe ndiye sina uhakika nawe."

Koki hiyo ndiyo iliyomnyima raha tangu ndege mpya ifike. Ile ya zamani ilikuwa na tangi moja, mafuta yakishuka yenyewe bila kuulizwa. Hii ina matangi mawili, moja katika kila bawa, na rubani hubadili tangi kila nusu saa ili bawa moja lisilemee. Koki iko kwenye ukuta wa ndani wa ndege, karibu na goti la kushoto la rubani. Ina alama ya kushoto na alama ya kulia. Katikati ya alama hizo mafuta hayapiti.

Mtahini alifika saa tatu kamili. Klabuni walimwita Bi Sekunde, kwa sauti ya chini. Alifunga mkanda, akaweka karatasi pajani, na kwa nusu saa ya kwanza hakusema neno lisilo amri. Geuka. Panda. Punguza mwendo. Fundi Baridi alitii, na kila kalamu ilipogusa karatasi aliichungulia kwa pembe ya jicho.

"Badili tangi," Bi Sekunde akasema.

Akawasha pampu ya mafuta. Akashika koki, akaizungusha nusu, akasimama. Akatega sikio.

Miaka thelathini mkono ule umefungua koki za gesi namna hiyo: nusu kwanza, sikiliza, tazama geji ya presha, ndipo umalizie. Haukuwahi kukosea. Na sasa, wakiwa futi elfu tatu juu ya mashamba, mkono ulikuwa ukisubiri gesi ipumue. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena, propela ikaanza kulegea, na ndani mkatokea kimya kidogo ambacho hajawahi kukisikia angani. Ndipo akamalizia kuzungusha. Injini ikanguruma.

Bi Sekunde aliandika kitu kifupi. Magurudumu yaliposimama, akamgeukia.

"Kwa nini uliishia katikati?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: mkono uliteleza. Aliumeza.

"Ni mkono wa kazi, Bi. Koki ya gesi tunaifungua nusu, tunasikiliza, ndipo tunamalizia."

"Na ulisikia nini?"

"Injini ikizimika."

Bi Sekunde hakucheka. "Mkono ungeteleza, ningesema ni bahati mbaya. Huu wako umefanya ulichoufundisha, kwa hiyo utafanya tena. Mengine yote umefaulu. Hili la mafuta utarudia Alhamisi, saa tatu."

Jumanne na Jumatano, akitoka kazini, alikaa ndani ya ndege bandani, injini imezimwa, akizungusha koki. Kushoto, kulia, bila kusimama. Kwenye kiti cha pembeni alikaa mkewe, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuingia ndani ya ndege yoyote ya klabu, akihesabu huku anamenya chungwa.

"Thelathini na nane. Umesimama hapo."

"Sijasimama."

"Umesimama, nimekuona. Anza moja."

"Mama Mapacha, ukichoka sema."

"Nimechoka tangu ya kumi. Zungusha!"

Jumatano hiyo aliota anafungua koki isiyo na mwisho.

Alhamisi Bi Sekunde alimwamuru abadili tangi mara nne. Mara ya tatu mkono ulitaka kusita. Aliuhisi kabisa ukitafuta katikati, akauvusha kwa nguvu mpaka kidole gumba kikachubuka. Injini haikubadilika sauti. Walipotua, mtahini alisaini fomu ya kufaulu juu ya bawa, akamkabidhi, akaenda zake. Fundi Baridi alipeleka karatasi ofisi ya leseni mwenyewe, akasubiri muhuri, akausoma mara mbili.

Ijumaa alikuwa nyuma ya bucha, amepiga magoti mbele ya kompresa ya chumba cha baridi. Aliunganisha geji, akashika koki, akaizungusha moja kwa moja mpaka mwisho. Gesi ikavuma, mshale wa geji ukaruka hadi kwenye alama nyekundu, mpira wa gesi ukatikisika kama nyoka. Akaifunga haraka.

"Vipi, fundi?" mwenye bucha aliuliza kutoka mlangoni.

"Hakuna kitu."

Aliacha kiganja juu ya koki, akiutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Kisha akaanza tena, polepole.

"Nusu," akajiambia kwa sauti.

"Nusu ya nini?"

"Ya hapa chini. Kule juu hakuna nusu," alisema, akatega sikio.