Enanga Niliyoinyamazisha

Nakumbuka siku moja ya likizo, mwanangu, ambayo hata leo nikiitaja nainamisha uso. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, nikisoma vitabu vikuu vya Wazungu: Wagiriki wa kale, Warumi, wanafalsafa wao. Nilivipenda kwelikweli, na kosa langu halikuwa kuvipenda.

Nyumbani kwetu Nshamba, mkoani Kagera, tulikuwa tunamuaga dada yangu aliyekuwa akiolewa. Baba mkubwa, Mzee Kaijage, alikuwa mpiga enanga, kile chombo chetu cha nyuzi, na aliweza kuimba habari za mashujaa wa Buhaya, nchi yetu Wahaya, tangu mchana hadi jua kuzama. Siku ile alinikalisha karibu, akaimba huku akinitazama, maana mimi ndiye niliyekuwa msomi wa ukoo. Wageni walitulia. Nami, kwa kutaka waone nilikofika, nikamkatiza.

"Baba mkubwa, hizi ni hadithi tu. Wagiriki waliandika vita vyao, dunia nzima inasoma. Hizi zetu zitamsaidia nani?"

Aliifunika enanga kwa shuka, akaniuliza masomo yanaendeleaje. Baba yangu alitazama chini. Nikadhani nimeshinda.

Miezi kadhaa baadaye, mwalimu wetu chuoni alitueleza kwamba utenzi ule wa vita vya Wagiriki niliokuwa nikijivunia uliimbwa kwanza na watu wasiojua kusoma, wakipiga chombo cha nyuzi, kabla haujaandikwa. Kisha akanigeukia.

"Wewe wa Kagera, nasikia kwenu waimbaji kama hao bado wapo. Hebu tutajie hata mistari miwili."

Sikuwa nayo. Nilisimama pale, wenzangu wakisubiri.

Likizo iliyofuata nilikwenda moja kwa moja kwa baba mkubwa, nikiwa na daftari jipya. Nilimkuta akianika kahawa. Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha, kisha nikamwomba aniimbie niandike.

"Mae, mwanangu, msamaha wa nini?" alisema. "Mimi sikukasirika. Niliona wewe umesoma, ndiye unayejua. Wajukuu walipokuja kujifunza niliwaambia waende shule, haya hayana faida. Sijaigusa enanga tangu siku ile."

Alijaribu. Aliimba kidogo, akasimama, akarudi nyuma, akatafuta jina la shujaa asilipate. Niliandika kurasa chache tu. Mwaka uliofuata tukamzika. Kurasa hizo ninazo, na katikati yake kuna mapengo ambayo hakuna aliye hai wa kunijazia.

Angenigombeza, ningepona mapema. Kilichoniumiza ni kwamba aliniamini.

Mwanangu, sasa unakwenda chuo. Visome vitabu hivyo mpaka uvielewe. Vina hekima, na si vya Wazungu peke yao. Lakini ujue kwamba ukishaitwa msomi, watu wa nyumbani wataliamini neno lako kuliko unavyoliamini mwenyewe. Usiseme kitu ni bure kabla hujakisikiliza hadi mwisho. Na kabla hujapanda basi hapo Muleba, kaa na bibi yako, muulize anayoyajua, uyaandike.

Mungu akutangulie, akupe akili ya kujifunza na adabu ya kuibeba. Urudi salama, utukute bado tunaweza kukusimulia.