Siku Tuliporudisha Vitu vya Bi Doroti Ndani

Enzi zetu habari haikuletwa na simu, alitumwa mtoto. Simu zilikuwepo, msije mkanicheka kana kwamba nilizaliwa wakati wa ukoloni; ninasimulia mambo ya miaka kumi tu iliyopita, nami nilikuwa na miaka kumi. Ila dakika za simu zilikuwa za kupigia ndugu waliobaki kambi ya wakimbizi Kigoma. Haikuwa halali kuzichoma kwa kumwambia Mama Esperance, jirani yetu Mkongo wa nyumba ya tatu, kwamba mboga zimeiva. Mama alisimama barazani, akaita "Riziki!", na mimi nikakimbia.

Wenzangu mliokulia hapa Marekani, mjini Buffalo, kwenye vichochoro vya barabara ya Bailey, mnaujua mtaa wenyewe. Nyumba za mbao za ghorofa moja, zimebanana, kila moja na baraza yake mbele, na barazani kuna sofa kuukuu ambalo Wamarekani walilitupa na baba zetu wakalibeba. Wakati wa kiangazi tulicheza rede katikati ya barabara kwa mpira wa soksi, gari likija tunapisha, likipita tunarudi. Harufu ya dagaa ilitoka kwetu, ya sombe, yaani kisamvu, ilitoka kwa Mama Esperance, zikakutana njiani. Ukipigana na mtoto wa watu saa tisa, saa tisa na nusu mama yako anazo habari, tena na nyongeza juu. Nyongeza hizo mara nyingi zilikuwa zangu.

Nakiri, nilikuwa na mdomo. Watu wazima waliniita Redio. Nani amejifungua, nani amepata kazi kwenye kiwanda cha kupakia nyama, nani ameangukia theluji mbele ya kanisa mpaka wigi likachomoka, yote nilikuwa nayo kabla ya chakula cha mchana, na niliyapeleka nyumba kwa nyumba bila kudai nauli. Leo ukimtuma mdogo wangu akaombe chumvi kwa jirani, anakujibu kwa Kiingereza kwamba chumvi inaweza kuletwa mlangoni na gari. Chumvi! Nashindwa hata kumgombeza.

Nyumba ya pembeni yetu alikaa Bi Doroti, mjane Mmarekani mweusi, mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Alihamia pale akiwa bibi harusi. Mama hakujua Kiingereza zaidi ya "good morning" na "God bless", Bi Doroti hakujua Kiswahili zaidi ya "karibu", na bado waliongea kila siku juu ya uzio. Mwaka wetu wa kwanza alimwona Mama ameinama kwenye bustani nyuma ya nyumba, amechoka na mimba ya mdogo wangu, akaamua kumsaidia. Mama alipotoka kliniki alikuta lengalenga zake zote, mchicha wa kwetu, zimeng'olewa, zimepangwa vizuri pembeni kama magugu. Bi Doroti amesimama na glavu mkononi, anasubiri kushukuriwa. Mama alimshukuru, akaingia ndani, akalia, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Bi Doroti ukweli wa mboga zile aliupata kwangu baadaye.

Mimi Bi Doroti alikuwa wangu. Wengine walikuwa na bibi zao kambini au makaburini, mimi nilikuwa naye barazani. Kila nikitoka shule alinitaka nisome kwa sauti, na nikikosea hakunisahihisha haraka, alikohoa tu, nami nikarudia mstari. Ndiye aliyenifundisha kusoma Kiingereza, na ninasema hivi nikijua walimu wangu wapo hai.

Sasa, mwezi wa sita wa mwaka ninaousimulia, tukiwa tunamenya maharage mabichi, aliniambia kwamba anahama. Magoti hayapandi ngazi tena na theluji imemshinda. Mwanawe anayeishi Arizona ameshamwandalia chumba, naye ataondoka kabla ya shule kufunguliwa. Akaniomba nisimwambie mtu, atawaambia mwenyewe.

Na mimi, Redio, nilinyamaza. Msinisifu. Haikuwa uaminifu. Kwa akili yangu ya wakati ule, jambo lisilotangazwa halijatokea. Nilidhani nikiifungia habari ile kinywani, basi haitapata njia ya kutoka na kuwa kweli. Niliishi nayo majira yote ya joto. Nilikuwa nakula bila hamu, na Mama akaninywesha dawa ya minyoo.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane niliamka nikakuta majani ya mbele ya nyumba ya Bi Doroti yamejaa vitu. Viti, sahani, cherehani, taa ya kusimama, vyuma vya kitanda, kofia za marehemu mumewe. Wamarekani wana kawaida hiyo: mtu akitaka kupunguza mizigo au kuhama, anatoa vitu nje siku ya Jumamosi, anavibandika stika za bei, na wapita njia wananunua. Nilijua, maana mwenyewe alikuwa amenieleza. Yeye alikuwa ameshika njia polepole kwenda kubandika matangazo kwenye nguzo za Bailey.

Akina mama hawakujua. Wao vitu nje walikuwa wameviona mara moja tu. Majira ya baridi yaliyotangulia kijana mmoja wa nyumba ya mwisho alifukuzwa kwa kushindwa kodi, godoro lake likawekwa juu ya theluji, na mtaa mzima ukachungulia dirishani. Jioni vitu vilikuwa vimeokotwa na wapita njia, kijana hayupo. Wazazi wetu waliona aibu. Mzee Zabuloni, shemasi wetu, alilisema kanisani: sisi tuliopokelewa na watu tusiowajua tumemtazama mtu akitupwa nje, tukafunga pazia.

Kwa hiyo Mama Esperance alipotoka na ndoo yake na kuona vitu vile, ndoo ilimponyoka.

"Balimufukuza," alisema. "Mama muzee kama huyu! Donc, atalala wapi?"

Mama akatoka na upawa mkononi. Mzee Zabuloni alikuwa anashuka kwenye gari la kiwandani, ametoka zamu, viatu vya kazi bado miguuni. Wote watatu wakasimama mbele ya vile vitu, kisha wakanigeukia mimi.

"Riziki, wewe ndiye unayeelewana naye," Mama alisema. "Amefukuzwa?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi na la kweli. Lakini niliangalia vile vyuma vya kitanda, nikafikiri: vikirudi ndani, havitauzwa, visipouzwa, hataondoka. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Na hizi karatasi zenye namba?" aliuliza Mzee Zabuloni.

"Ni za wenye nyumba. Wanaandika namba kwenye kila kitu kabla ya kukichukua."

Ulimi wangu ulikuwa na mafunzo, haukuteleza.

"Bon," Mama Esperance alifunga kitenge vizuri. "Tubebe hivi bitu mbele benye nyumba hawayarudi."

Sijawahi kuona watu wakifanya kazi namna ile. Mlango wa Bi Doroti haukuwa umefungwa, na Mzee Zabuloni alisimama ngazini akielekeza kama msimamizi wa ghala. Wanaume waliotoka zamu walibeba vizito, akina mama wakabeba sahani kichwani. Cherehani ikaenda jikoni, kitanda kikasimama sebuleni, kofia zikapangwa juu ya friji. Bwana mmoja alisimamisha pikapu, akaishika ile taa ya kusimama. Mama Esperance alimrukia, akaishika upande wa pili. "No! Aibu!" Yule bwana akadhani anapandishiwa bei, akatoa noti nyingine. Mama Esperance alimwona shetani kamili. Walivutana mpaka kifuniko cha taa kikabaki mkononi mwa mteja, naye akaondoka bila kudai chochote.

Mimi nilibeba vijiko.

Bi Doroti aliporudi alikuta majani matupu. Alivua miwani, akaivaa tena. Kisha akasikia wimbo wa kanisani unatoka ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa Kirundi cha kwetu. Alipoingia, akina mama walikuwa wamekaa kwenye kapeti, miguu wameinyoosha kama wanavyokaa kwenye msiba, chungu cha maharage katikati yao. Mama aliinuka, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mama yangu. Hutalala nje sisi tukiwa hai."

Wote wakanitazama mimi nitafsiri.

Nilitafsiri neno kwa neno. Bi Doroti alisikiliza, akatazama kitanda kilichosimama sebuleni, akatazama kofia juu ya friji, kisha akanitazama mimi. Alikohoa, kikohozi kile kile cha mstari uliokosewa.

"Riziki," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "umewaambia nini?"

Nililia. Nikasema ukweli kwa Kiingereza, nikaurudia kwa Kiswahili: kwamba hakufukuzwa, anahama, anauza, nilijua tangu mwezi wa sita, nimedanganya kwa sababu sitaki aende.

Mama alinitazama kwa jicho ambalo kambini liliwahi kunyamazisha foleni nzima ya maji. Najua kilichokuwa kinanisubiri nyumbani, na sitakisimulia hapa. Aliyeniokoa kwa muda ni Mama Esperance.

"Eee Mungu wangu," alisema. "Na ule bwana wa taa. Nilimunyanganya!"

Mzee Zabuloni ndiye aliyeanza, kicheko cha puani cha shemasi anayejizuia, na baada yake hakujizuia mtu. Bi Doroti alipotafsiriwa habari ya taa alijishikilia mlangoni akicheka mpaka machozi yakamtoka, na sijui ni wakati gani machozi yale yalibadilika. Aliniambia niwaambie kwamba mtaa ule ameona vitu vya watu vikitolewa nje mara nyingi. Hajawahi kuona vikirudishwa ndani. Kisha akamgeukia Mama: "Na mimi niling'oa mboga zako."

Mama hakucheka sana. Alikuwa na swali lake.

"Muulize kwa nini hakutuambia."

Bi Doroti alijibu kwamba aliogopa kuagana. Alitaka siku moja tuamke tukute ameshaondoka, iwe rahisi kwa wote.

"Mwambie," Mama alisema, na sauti yake ilishuka, "sisi tuliondoka kwetu hivyo. Usiku mmoja, bila kumuaga mtu, hata mama yangu mzazi. Si rahisi. Anayeondoka bila kuagwa hajahama, amekimbia. Yeye hakimbii vita. Ataagwa."

Hiyo niliitafsiri polepole, nikihakikisha hakuna neno linaloanguka.

Basi vitu vikatolewa nje tena. Mzee Zabuloni alilalamikia mgongo wake kila ngazi. Adhabu yangu ya kwanza ilikuwa kubeba sahani moja moja, kwenda na kurudi, watoto wenzangu wakinihesabia. Mama Esperance akageuka muuzaji, na nawahakikishia hakuna mteja aliyepunguziwa kitu siku ile.

Jumamosi iliyofuata tulimuaga. Meza zilipangwa kwenye njia ya gari kati ya nyumba zetu mbili, wali, maharage, ndizi za kupika, na keki ambayo Bi Doroti aliioka mwenyewe kwa sababu hakuamini keki zetu. Kila mzazi alisimama akasema lake, nami nikatafsiri yote, kwa saa mbili, bila kuongeza wala kupunguza. Nadhani ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya maishani, na siku hizi nafanya kazi ghalani. Kesho yake asubuhi, mwanawe alipokuja kumchukua, nilijificha nyuma ya nyumba. Mama alinifuata.

"Nenda ukamuage," alisema. "Ukimwacha aende hivi, hutaacha kumngoja."

Nikaenda. Alinishika uso kwa mikono miwili, nikasema kwaheri kwa lugha zote mbili, gari likatoka. Iliuma, lakini iliuma siku zake ikapona.

Sasa naishi Reynoldsburg, kule Ohio, ghorofa ya pili, kwenye jengo zuri lenye kapeti koridoni. Nina makundi manne kwenye simu. Najua harusi ya Louisville ilikuwa na keki ya rangi gani, najua nani amejifungua Buffalo kabla mtoto hajaoshwa. Mwezi uliopita niliporudi kutoka kazini nilikuta mlango unaotazamana na wangu uko wazi na mafundi wanapaka rangi ndani. Alikuwa anakaa mwanamke na watoto wawili. Miaka miwili niliviona viatu vyao koridoni, nikaona vinakua. Nilimuuliza fundi wamehamia wapi. Hakujua.

Nilimpigia Mama, kwa mazoea ya kumpelekea habari. Akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

Jina sikuwahi kumuuliza. Mama akauliza upande wangu wa kushoto anakaa nani. Nikasema sijui, nasikia tu televisheni.

"Basi kata simu," alisema, "uende ukagonge."

Nilikaanga maandazi kwanza, maana mikono mitupu ni aibu. Nikayafunika kwa kitambaa, nikasimama mbele ya mlango wa jirani wa kushoto muda mrefu kuliko inavyostahili, nikagonga. Ndani mtu alipunguza sauti ya televisheni, nikasikia hatua zinakuja, na mimi natafuta kichwani nianze na nini.