Sefania Shemdoe, Mnyonyaji wa Jukwaani

Sefania Shemdoe alikuja kibandani kwangu Lukozi, nilikokuwa nikinunua viazi vya wakulima, mwaka 1974 kuniomba koti langu kuukuu. Alikuwa mwigizaji wa kikundi cha kata, na katika kila mchezo wa Ujamaa yeye ndiye aliyepewa kuwa mnyonyaji, maana wenzake waliogopa kuzomewa. Nikampa koti kwa sharti moja, asinitaje.

Hakunitaja. Siku ya mchezo pale Lushoto, mbele ya maofisa na mgeni aliyetoka Tanga kuchagua waigizaji wa mkoa, alipapasa viazi vya mkulima huku akivuta sikio la kushoto kabla ya kutaja bei. Hivyo ndivyo nifanyavyo mimi. Watu wa Lukozi wakacheka, kisha wakageuka kunitazama. Miaka ile ukiitwa mlanguzi hadharani, leseni ya biashara ilikwenda, na pengine na wewe mwenyewe.

"Mbona mnamtazama huyo bwana?" ofisa mmoja akauliza.

Mkono wangu ulikuwa tayari sikioni, nikaushusha taratibu.

Sefania alisikia. Akaliachia sikio, akaanza kuchechemea na kufoka kama mlowezi wa zamani, igizo ambalo kila mtu alishaliona. Kicheko kikaisha. Mgeni akaandika jina la mwingine.

"Umejiharibia, mwanangu," nikamwambia baadaye.

"Sasa mzee, ukifungwa wewe, nitamwiga nani?"

Leseni yangu ilibaki. Yeye Tanga hakwenda. Alizomewa vijijini miaka kumi na miwili zaidi, mpaka kikundi kikavunjika.