Kuku Nyuma ya Nguzo

Mchana hupiga pasi mashuka ya hoteli. Jioni huchora kuku. Wenzake wa dobini wanamwita Wino kwa sababu vidole vyake havitakati hata akishinda kutwa kwenye sabuni. Jina lake halisi lilizoeleka kwao, gazetini, ukurasa wa kwanza, mpaka gazeti lilipofungwa naye akavuka mpaka na begi moja.

Mwanzoni aliandika kama zamani. Habari zake zikazimwa mtandaoni, na waliothubutu kuzisambaza wakaitwa kuhojiwa. Ndipo mpangaji mwenzake, mtangazaji wa redio aliyekimbia kabla yake, akamwambia kwamba anayeogopa kusoma haogopi kucheka. Huyu anaitwa Kasuku, maana hakuna sauti asiyoiiga. Wakaanzisha katuni ya banda la kuku. Wino anachora, Kasuku anasema sauti zote: jogoo mkuu mwenye kikohozi, matetea wa ofisini, vifaranga wanaosaka punje. Kila kisa ni habari ya kweli, imethibitishwa, ila imevaa manyoya. Kinapita kwenye simu za watu kama kichekesho. Inasemekana hata askari wanatumiana.

Kisa cha dawa alikipata kwa wifi yake, mke wa kaka yake, karani kwenye stoo ya dawa ya hospitali kubwa kwao. Wifi alipiga picha kwa siri akiwa amekaa mezani pake: katoni zinatolewa mlango wa nyuma, ilhali wagonjwa dirishani wanaambiwa dawa zimekwisha. Wino aliifuta picha mara alipoiona, kama walivyokubaliana. Lakini jicho la mwandishi halifuti. Akachora banda, mlango, magunia ya punje yakitoka, na upande wa kushoto nguzo iliyoziba nusu ya mlango. Hakuona sababu ya kuiondoa. Gazetini alifundwa kwamba habari ikikosa vitu vyake vidogo vidogo haiaminiki.

Kisa kilipokuwa kimeshaenea, Kasuku alikitazama tena wakiwa mezani wanakula, akizicheka sauti zake mwenyewe. Kisha akaacha kutafuna.

"Dada," akasema, "huyu anayetazama amekaa wapi?"

Wino hakumwelewa. Kasuku akamsogezea simu, akaweka kidole penye nguzo.

"Mlango umekatwa hapa. Ni meza gani inauona hivi?"

Ilikuwa moja tu. Wino hakuhitaji kuuliza, kwa kuwa miaka yote wifi alilalamika kwamba wamemtupa nyuma ya nguzo kama ndoo ya kudekia.

Kukifuta kisa kungekuwa sawa na kunyoosha kidole. Kumpigia wifi kungeacha alama kwenye simu yake. Desturi yao ilikuwa wifi kupiga mwenyewe, kwa simu ya jirani. Ikabidi asubiri. Kazini aliunguza shuka, msimamizi akamuuliza kama wanapiga pasi au wanachoma mkaa. Wenzake wakacheka. Yeye alikuwa anasikiliza simu mfukoni.

Wifi alipopiga, alinong'ona. Mkuu wa stoo alikuwa na katuni kwenye simu yake, na alikuwa akihama kiti hadi kiti. Anakaa, anainua simu, anafumba jicho moja, anatazama mlango. Wakimuuliza anasema anatafuta penye upepo.

"Leo kakaa kwa mhasibu na kwa mama wa risiti. Kesho ni kwangu, wifi."

Wino akamsihi achukue watoto aondoke.

"Nikiondoka si ndiyo nimejitaja? Na kaka yako nimwachie nani, na mguu wake ule?"

Simu ikakatika. Siku ya pili yake, kutwa nzima, Kasuku hakuigiza mtu yeyote. Alikaa kizingitini, na Wino akakunja na kukunjua kitambaa kimoja mpaka jioni, wifi alipopiga tena.

Alikuwa amefika kazini akakuta stoo ni maji matupu. Mama wa risiti, ambaye walikuwa hawasalimiani tangu wagombane juu ya dirisha, alikuwa ametangaza kwamba panya wamekojolea sakafu na lazima ioshwe. Meza zote zilikuwa koridoni. Ziliporudishwa, hakuna iliyorudi pake, na nyuma ya nguzo likasimama kabati la mafaili. Mkuu akauliza nani alikuwa anakaa pale. Watu wakaendelea kukamua matambara. Mhasibu akasema wao huhamahama, wakifuata feni.

"Mama wa risiti akamjibu, 'Si ulikuwa unatafuta upepo, bosi? Tumekutafutia.'"

Wino alicheka huku machozi yanamtoka. Wifi hakucheka.

"Usifurahi haraka. Jana nilimwogopa mtu mmoja. Leo chumba kizima kinajua."

Akasema mhasibu aliitwa ofisini kwa mkuu baada ya chakula cha mchana, na mpaka wanafunga kazi alikuwa hajatoka.

Wino akauliza kama mhasibu ni mtu wa kuaminika.

Wifi akasema ni mtu mwema sana, ila mwanawe anaumwa, na dawa anazohitaji ni zile zile zinazotoka mlango wa nyuma.