Kamati Aliyoisema Vibaya

Shoga yangu hakuwahi kusema "nataka" mbele ya mwenye duka. Hilo lijue kwanza, maana bila hilo huwezi kuelewa ilikuwaje Mheshimiwa mzima, mwenye kiti chake Barazani kwetu kisiwani, akajikuta amepangiwa kuku na ng'ombe.

Mie alinifunza kazi yeye, nilipokuja Guangzhou, huku Uchina, sijui kushoto wala kulia. Alfajiri ya kwanza alinipeleka Shahe, kwenye yale majengo ya nguo za jumla ambako watu wanakanyagana kabla hata jua halijatoka. "Ukiipenda nguo usiitazame," akaniambia. "Tazama iliyo jirani yake. Ile iliyokuingia moyoni iponde. Sema mshono umepinda, sema rangi imefifia. Halafu ondoka. Wakikuita, geuka polepole." Nilidhani maneno tu, mpaka nilipomwona kazini. Alibishana na laoban, ndivyo tunavyowaita wenye maduka na ndivyo wao wanavyotuita sisi, huku kila mtu ni bosi, wakabishana juu ya suruali asizozihitaji hata kidogo, wote wawili sauti zikawakauka. Alipofika mlangoni ndipo akauliza, kama mtu anayeuliza saa, lile gauni bovu la pembeni bei gani. Kumbe gauni hilo ndilo alilolifuata tangu kisiwani.

Hata mumewe alimpata hivyo hivyo. Posa ya kwanza aliikataa, akarudi zake dukani kupanga kanga, na yule bwana akarudi wiki iliyofuata na wazee wengi zaidi.

Basi akagombea kiti cha Barazani. Wenzake kwenye kampeni waliahidi visima na madarasa, yeye aliahidi kitu kimoja tu, Kamati ya Biashara na Bandari. Wanawake wa jimboni kwake wengi ni wauza nguo na viatu, na hakuna mwenye uwezo wa kujaza kontena peke yake. Wanachanganya mizigo, huyu robota moja la nguo, yule matatu, kontena linafungwa huku, linapakiwa melini bandari ya Nansha, linakwenda. Likifika nyumbani linahesabiwa la mtu mmoja. Karatasi za mmoja zikiwa na kasoro, wote wanakaa nje ya geti la bandari, na nguo za watoto za sikukuu zinatoka watu wameshamaliza kula Idi. Kamati ndiyo yenye uwezo wa kumwita mkubwa yeyote, akakaa kitini, akaulizwa utaratibu huu wa nini na kwa nini usibadilishwe. Akawaambia wale wanawake, nipelekeni Barazani nami nitaingia kwenye kamati hiyo. Wakampeleka.

Siku ya matokeo, sisi wa huku tulipiga vigelegele mpaka jirani wa Kichina akaja kugonga mlango. Tukamtia sahani ya pilau mkononi, akaingia, akakaa, akaondoka wa mwisho.

Baada ya kula kiapo shoga alirudi Guangzhou mara moja tu, kupakia mzigo wake wa mwisho na kunikabidhi wateja wake. Tulikuwa tukikaa chumba kimoja tangu siku zile za Shahe, jiko moja, kabati moja. Nami kila asubuhi nilimwambia, "Nenda zako bibi, masanduku yako yananizibia njia. Ukiondoka nitanyoosha miguu." Tangu kampeni, alipokuwa akienda kisiwani na kurudi, nilikuwa nikimwambia hivyo, naye akicheka.

Simu ya Katibu wa Baraza ilitukuta Zhanxi, kwenye maduka ya viatu. Huku ilikuwa mchana, kwetu ofisi ndiyo kwanza zinafunguliwa. Mikokoteni inapita, watu wanapiga kelele wapishwe, yeye ameibana simu begani na mkononi ameshika ndara aliyokuwa akiisema vibaya. Sauti ya Katibu ilikuwa kubwa, nilisikia kila neno.

"Mheshimiwa, Spika anapanga kamati. Anauliza wajumbe wapya wanapendelea wapi."

Nikamwona mgongo umenyooka. Macho yakalegea, mdomo ukapinda kidogo. Uso ule naujua vizuri, nimeuona mbele ya maduka mengi.

"Mie? Popote tu, Katibu."

"Hakuna unayoipendelea? Ya Biashara na Bandari, kwa mfano, ina nafasi."

"Hiyo? Hiyo fujo tupu. Vikao virefu, kuzunguka juani, na tija yenyewe siioni. Labda hiyo ya Kilimo na Mifugo, naona imetulia. Lakini sijasema kitu. Haya, kwaheri."

Akakata.

"Umemwondokea?" nikamuuliza.

"Nimemwondokea. Ataita mwenyewe."

Nami mjinga wa kutupwa nikamsifu. Wallahi nilimsifu. Nafasi ipo na bado kaiponda, nikasema huyu mwanamke atatawala nchi. Tukaingia kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu, tukala supu ya moto huku tukimwigiza Katibu atakavyobembeleza. Nilicheka mpaka pilipili ikanipanda puani.

Katibu hakuita. Kesho yake tulikuwa ghala la kago, shoga amekaa juu ya robota lake, ukaingia ujumbe. Akausoma kwa sauti. Spika anampongeza na kumjulisha kwamba amepangiwa Kamati ya Kilimo na Mifugo, kama alivyoomba.

"Kama nilivyoomba," akarudia.

Jamani, huyu ni mtoto wa mjini. Kuku anamjua akiwa kwenye sufuria. Mbuzi wa Idi anafungwa uani shoga anahamia kwa shangazi yake mpaka mnyama achinjwe. Nilimwona akilini mwangu amevaa mabuti, yuko zizini, anamwambia ng'ombe kwamba pembe zake zimepinda, nikaanguka juu ya marobota. Naye akacheka, na wale vijana wa Kichina waliokuwa wakifunga kamba wakacheka bila kujua tunacheka nini.

Yeye ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Nimemfanyia Katibu kama laoban," akasema. "Yeye hauzi kitu. Ameniuliza, nimemjibu, ameandika. Wale wanawake nitawatazama kwa macho gani?"

Hapo kicheko kikanikauka. Nikamwambia apige simu sasa hivi, aseme anaitaka. Akasema sawa, lakini ajizoeze kwanza. Mie nikawa Katibu.

"Hiyo ya biashara nayo," akaanza, "si mbaya sana."

"Sema naitaka."

"Kama hakuna mtu mwengine aliyeipenda, basi mie naweza nikaibeba tu."

"Sema naitaka, mwanamke."

Hakuweza. Mdomo ulifunguka, neno likagoma. Nikamshika mkono nikamrudisha Zhanxi, kwenye duka lile lile la ndara, maana mtu hujifunza pale alipoharibikia. Laoban ni mwanamke wa makamo anayemjua miaka yote hii, na kila mara huagana kwa kutupiana maneno. Alikuwa anakunywa chai yake. Shoga akasimama mbele yake, uso wa mtu anayemeza kwinini, akanyoosha kidole kwenye zile ndara, akasema kwa Kichina chake cha sokoni kwamba anazitaka, ni nzuri sana.

Laoban akaweka kikombe chini. Akaichukua ndara akaigeuza, akaangalia soli, akainusa gundi. Akamtazama shoga kutoka juu mpaka chini. Kisha akachukua kalkuleta, akabonyeza, akatuonyesha bei ya chini kuliko zote alizowahi kutupa.

Nilishika rafu nisianguke. "Unaona?" shoga akanigeukia kwa hasira. "Hata ukisema kweli hawakuamini." Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kabla halijarudi ndani akapiga simu.

"Katibu, naitaka Kamati ya Biashara na Bandari."

"Mheshimiwa, si ndiyo uliyosema fujo tupu?"

"Niliisema vibaya kwa sababu naitaka. Ndiyo iliyoniingiza Barazani. Wanawake wangu wanakaa nje ya geti na mizigo yao imo ndani. Naitaka, Katibu. Sina nyengine ninayoitaka."

Katibu akashusha pumzi. Akasema nafasi ile ameshafikiriwa mjumbe mwengine, ila Spika hajatangaza bado. Atakwenda kumuuliza, kisha atapiga.

Mie, mazoea mabaya, nikaanza kumpungia mikono: kata simu, ondoka, wakuite. Akanitikisia kichwa.

"Usinipigie," akamwambia Katibu. "Nangoja hapa hapa."

Akakaa juu ya boksi la viatu, simu sikioni. Sijapata kumwona akimngoja mtu namna ile. Laoban, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, akammiminia chai, ikapoa, akamwaga, akammiminia nyengine. Mie nilikuwa nimesimama nimezishika zile ndara kifuani, naomba dua ninayoikumbuka na nisiyoikumbuka.

Kisha nikamsikia anasema, "Ahsante. Ahsante sana, Katibu." Akachukua karatasi laini ya kufungia viatu akajifutia macho. Yule mjumbe mwengine kumbe ni mtu wa shamba, ng'ombe wake mwenyewe wako nyuma ya nyumba, na Kilimo alikuwa akiitamani tangu mwanzo, aliona haya kuomba. Wamebadilishana.

Tulicheza mle dukani, sisi wawili na laoban katikati, mpaka wateja wakatuzunguka kuuliza kuna punguzo gani. Ndara akazichukua zote.

Siku ya kuondoka kwake nilimshushia sanduku mpaka kwenye teksi. Nikaanza wimbo wangu ule ule, "Haya nenda zako bibi, leo nitanyoosha miguu," sauti ikanikatikia njiani. Nikaona hapana, kama yeye ameweza, na mie nitaweza.

"Mie nilitaka ubaki," nikasema.

Alinitazama kama laoban alivyoitazama soli. "Miezi yote ya kampeni unaniambia nenda, masanduku, miguu."

"Nilikuwa nakuponda."

Akacheka, machozi yakamtoka, dereva akapiga honi, akanikumbatia akaingia. Sikutaka kuiona ile gari ikikata kona. Nikageuka, nikaanza kurudi mlangoni, kabati lote likinisubiri peke yangu. Nyuma yangu nikasikia kioo cha gari kinashushwa, na sauti yake ikaniita.

Sikugeuka polepole.