Seremala Aliyeshindwa Kufa

Mtu akiajiriwa kufa kwenye filamu ana kazi moja tu: kulala. Asikune pua, asipige chafya, na zaidi ya yote asiinuke. Sijui kama duniani kuna kazi nyepesi kuliko hiyo, na bado seremala mmoja ilimshinda. Watu wamemcheka miaka nenda miaka rudi, na aliyebaki kuvisikiliza vicheko hivyo ni mkewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pindo, maana ukimpelekea nguo yenye pindo lililoshonwa ovyo atakusuta kwanza ndipo aipokee.

Filamu yenyewe inahusu mashujaa walioyanywa maji ya chemchemi fulani wasife tena. Wanaulinda mji wao mlimani, karne inakwenda, karne inakuja, wanawazika wake zao na wajukuu zao, wao wapo tu na mapanga yao. Ilitengenezwa kwa kuungaunga. Mlima ulikuwa kifusi cha machimbo ya mawe. Ukuta wa mji ulikuwa mbao na karatasi ngumu, na aliyeujenga ni huyo seremala. Majoho ya mashujaa yalikuwa mapazia, na aliyeyashona ni Mama Pindo, wakati huo mke mchanga mwenye mimba ya kwanza, tumbo limemzidi mpaka ikabidi aikalie cherehani upande.

Siku ya kupiga picha ya vita kuu, watu wa kufa hawakutosha. Mwongozaji wa filamu akaamuru mpishi, dereva na seremala wavae kofia za bati. Seremala akaambiwa aingie, apigwe upanga mara moja, aanguke, anyamaze. Tusimnyime haki yake, alianguka vizuri sana. Shujaa mkuu akasimama juu yake na kuanza hotuba ndefu kuhusu mauti. Na hapo, nyuma ya ukuta wa karatasi, uchungu ukamshika Mama Pindo. Hakuwa mtu wa makelele. Aliita mara moja tu, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuijua:

"Fundi, njoo, mwenzio nakufa!"

Maiti akainuka. Hakutazama huku wala huku. Akaukwapua mkuki wake, sijui alikuwa na haja gani na mkuki, akapita mbele ya shujaa aliyekuwa akihubiri na kutokomea kushoto kwa mbio. Kushoto huko aliupita ukuta kwa kuutoboa, ukaanguka wote. Kwa hiyo kurudia hakukuwezekana tena: ukuta hakuna, mkanda wa picha ulikuwa umebaki kidogo, na shujaa mkuu alikuwa na safari. Isitoshe, sauti za filamu ziliingizwa baadaye studio, na mwito wa Mama Pindo haumo. Anayetazama haoni mume anayemkimbilia mkewe. Anaona marehemu aliyechoka kulala.

Siku ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, watu walikaa kimya kwa heshima mpaka pale. Pale, ukumbi ukavunjika mbavu, na mpaka mwisho hakuna aliyeweza tena kumtazama shujaa yeyote bila kucheka. Filamu ikafa. Mwongozaji, kijana aliyekuwa ameweka rehani kila alichonacho kwa ajili yake, akaishia kupiga picha za harusi za watu.

Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa wa kike. Alipoanza tu kujua kusoma, babake alianguka kutoka kwenye paa la ghala alilokuwa akiliezeka, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Mama Pindo akabaki na binti, cherehani, na picha mbili za mume, zote mbili amekaza uso kama anayesubiri kung'olewa jino.

Halafu, kama ujuavyo mambo ya vijana, wakaiokota ile filamu. Waliipenda kwa ubovu wake na kwa uzuri wake pia, maana uzuri ulikuwamo. Wakawa wanakusanyika kwenye ukumbi wa zamani wa sinema, wamevaa majoho, wameshika mapanga ya maboksi, wanazisema hotuba pamoja na mashujaa neno kwa neno. Na kipenzi chao hakuwa shujaa yeyote. Alikuwa seremala. Walimwita Kaamka. Akiinuka wanapiga makofi, wanagongana mabega kwa vicheko.

Mama Pindo alikuwa akienda kila wanapoionyesha. Alikaa nyuma kabisa, hakumwambia mtu yeye ni nani, na mume wake akishapita kushoto alichukua mkoba wake akaenda zake. Binti yake, mtu mzima sasa, muuguzi, hakuwahi kukanyaga pale.

"Mama, unakaaje na watu wanaomcheka baba?"

"Wacha wacheke. Anayechekwa yuko hai."

"Ni picha tu, mama."

"Na kwenye hiyo picha tu, alikuwa akikukimbilia wewe. Nyamaza ule."

Basi. Siku moja kinyozi wa mtaa wa pili, kiongozi wa wapenzi wa filamu hiyo, alimletea joho lake limechanika begani. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kiwanja. Akamweleza kwamba filamu inasafishwa upya. Mwongozaji mwenyewe, mzee sasa, amepata wafadhili, rangi zimerudishwa, mikwaruzo imeondolewa, na makosa yote anayatoa.

"Makosa gani?" akauliza Mama Pindo.

"Yale ya siku zote. Shujaa mwenye saa mkononi, lile lori linalopita nyuma ya mlima. Na Kaamka, nasikia naye anakatwa. Hapo ndipo roho inatuuma, mama. Tumemwomba mzee, hasikii."

Mguu wa Mama Pindo ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Kinyozi aliendelea kusema, mambo ya tarehe na tiketi, yeye hakusikia. Alimaliza bega la joho, akalikunja, na kijana alipoondoka akafunga mlango wa kibanda mchana kweupe, jambo ambalo majirani walilizungumza.

Kesho yake akapiga moyo konde, akaenda kwa Mwongozaji.

Alimkuta kwenye chumba kidogo chenye mapazia mazito, amekaa mbele ya kompyuta mbili, miwani imeshuka puani. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Hakumtambua. Mama Pindo alipojieleza, mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Fundi wa majoho," akasema polepole. "Yale majoho ndiyo kitu pekee kwenye filamu yangu ambacho hakijanitia aibu. Karibu, dada. Keti."

Akaketi. Hakuzunguka. Alimwambia amekuja kumwombea mume wake abaki.

Mwongozaji akasema kwa upole wa mtu aliyeshalijibu swali hilo usiku mwingi. "Dada, naomba unisikilize na mimi. Hii ni hadithi ya watu wasiokufa. Wao wenyewe wanalia kwa sababu kila mtu mwingine anakufa, anakufa kabisa, harudi. Uzito wote uko hapo. Sasa katikati ya hotuba ile, hotuba niliyoiandika siku mama yangu alipozikwa, mtu mmoja anaamka anaondoka. Kama kila mtu anaweza kuinuka, hawa wangu wana nini cha kulilia? Nimechekwa ujana wangu wote. Nataka filamu yangu ionekane mara moja kama nilivyoikusudia, kabla na mimi sijaondoka."

 Mama Pindo alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi, maana hakwenda pale kumhurumia mtu. Akautazama mkoba wake mapajani.

"Unajua kwa nini aliinuka?"

"Walisema ulijifungua siku ile. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na hasira."

"Nilimwita. Sauti ile nimeitoa mara mbili tu tangu nizaliwe. Mara ya kwanza akaja, na kofia ya bati kichwani, akanibeba mpaka barabarani."

"Na mara ya pili?"

"Ya pili alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa."

Mzee alishusha macho. Mwisho Mwongozaji akasema, "Nitakupa kile kipande. Nitakuwekea kwenye simu yako, ukitazame nyumbani utakavyo, hakuna atakayekucheka."

"Nyumbani nitamtazama peke yangu. Na siku nikifa mimi, naye basi. Mle kwako ana watu. Watoto ambao hawakumjua wanamshangilia. Mimi sitaki afiche uso kwenye simu ya kikongwe. Nataka aendelee kuja, kaka yangu. Hicho tu."

Mwongozaji alipangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Nitafikiri," akasema. Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamshukuru kwa majoho.

Ilipofika siku ya kuonyeshwa, Jumapili alasiri, binti alitokea kibandani amevaa vizuri, akasema atakwenda naye. Mama Pindo hakuuliza kulikoni. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Mapanga ya maboksi yalikuwa kila mahali, na Mwongozaji alikuwa mbele kabisa, suti ya kijivu, shingo imenyooka. Kinyozi alipomwona Mama Pindo akiingia alimpungia, akampisha na binti viti vizuri vya katikati, kwa heshima ya bega la joho. Alikuwa bado hajui lolote.

Jamani, filamu ilikuwa nzuri. Tusiseme uongo kwa sababu ya uchungu. Rangi zilirudi, kifusi kikawa mlima kweli, na majoho yalipopepea Mama Pindo aliona mapindo yake mwenyewe, mojamoja, yamenyooka. Watu walianza kwa utani wao, wakisema maneno kabla ya mashujaa, lakini polepole sauti zikapungua. Binti alikuwa ameinama mbele, kidevu mikononi.

Vita vikaja. Kofia ya bati ikaingia. Binti akamshika mama yake mkono kabla hajaambiwa ni yupi. Alimjua kwa mabega. Upanga ukashuka, seremala akaanguka. Shujaa mkuu akasimama juu yake na kuanza hotuba.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi, viganja tayari kwa makofi. Shujaa akasema mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mahali pa kuinuka pakafika, pakapita. Seremala alikuwa amelala ubavu, uso kwenye mchanga, mkuki pembeni yake. Picha ilikuwa imekatwa na kuunganishwa kwa kompyuta, seremala akabakizwa amelala, kwa ustadi hata usingejua palikuwa na kitu. Shujaa aliendelea kusema juu ya watu anaowapenda ambao ardhi imewachukua, na kwa mara ya kwanza tangu filamu hiyo iwepo, maneno yake yalisikika mpaka mwisho.

Kisha kijana mmoja nyuma akasema, si kwa mzaha, "Inuka, baba."

Mwingine akaitikia. "Kaamka, inuka!" Likawa wimbi. Safu hii, safu ile, wasichana, wanaume wenye majoho, kinyozi naye amesimama panga likimwanguka, wanamwita mtu aliyelala kwenye kitambaa cheupe. "Inuka! Inuka!" Mwongozaji mbele aligeuka kuwatazama, uso umempauka, na macho yake yakamtafuta mwanamke mmoja tu.

Binti alikuwa akilia. Naye alikuwa akiita, kwa sauti ndogo, neno ambalo hakumwita mtu tangu utotoni. "Baba. Baba."

Mama Pindo alimtazama mume wake. Miaka yote alikuwa amekuja hapa kumwona akija, akatoka kabla taa hazijawashwa, hakuwahi kubaki naye alipolala. Sasa alimwona vizuri: mguu mmoja umekunjika chini ya mwingine, kama alivyokuwa akilala nyumbani, mkono umefunguka. Alijua watu wote wale wangemwita mpaka sauti zikauke. Alijua pia kwamba mtu yule, angesikia, angekuja. Hakuna siku aliyosikia asije.

Akasimama. Goti lilimsumbua, akashika kiti cha mbele.

"Mwacheni," akasema.

Waliokuwa karibu wakageuka. Kinyozi akaona machozi yake, akamwona binti na mabega yake kama ya Kaamka, na hapo akaelewa amekuwa akiongea na nani kibandani. Akashusha mikono, akawaashiria wenzake.

"Mwacheni alale," akasema Mama Pindo tena, na safari hii ukumbi wote ulimsikia. "Ni mume wangu. Alishakuja nilipomwita."

Kimya kikatanda, safu kwa safu, mpaka kwenye ngazi. Kwenye kitambaa mashujaa walikuwa wakiuacha uwanja wa vita, mmoja mmoja, wakimpitia seremala pembeni bila kumkanyaga, na Mama Pindo alibaki amesimama mpaka wa mwisho akapita.